Mbuzi wa Kumfungua Ulimi MaMpinga

"Ini umekula wewe! Ini lote, na figo ukazifunga kwenye karatasi ukaondoka nazo! Mbuzi mzima kaingia tumboni mwako, na bado mdomo umefungwa kama ofisi ya serikali Ijumaa mchana! Baba yangu halali kule kaburini, MaMpinga. Anageuka, anageuka, mpaka maiti wenzake wanaomba wahamishwe!"

Huyo ni Thozama, binti wa marehemu Fikile Mbolekwa, akisema katikati ya holo letu la Mdantsane, Ijumaa asubuhi, viti elfu mbili vikimsikiliza. Nasema viti kwa sababu watu tulikuwa wanne tu. Yeye; wifi yake MaMpinga, amekaa kwenye meza ya maiki anapangusa miwani; kijana Lizo, meneja wa holo, na viatu vyake vilivyochongoka; na mimi, ambaye kazi yangu ni kupanga viti na kuvipangua, na katikati ya hapo nasikia mambo.

"Ini lilizidi chumvi," MaMpinga alisema, akarudisha miwani machoni.

"Unaona? Unaona dharau hiyo?" Thozama alinigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye hakimu. Nikachukua kiti kimoja nikakihamisha hatua mbili, halafu nikakirudisha.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jumapili holo lilikuwa lipewe jina la Fikile Mbolekwa, mwalimu wa ngumi, mlezi wa mabingwa. Kibao kilishatundikwa juu ya mlango, kimefunikwa kitambaa. MaMpinga, mke wa mwanawe, msemaji wa holo kwa miaka thelathini na moja, alitakiwa alitaje jina kwenye maiki, kitambaa kianguke, watu wapige vigelegele. Na tangu siku hiyo kila shughuli ianze kwa yeye kusema, karibuni katika Holo la fulani bin fulani. Barua ya kamati ilisema wazi: msemaji asiyelitaja jina, maiki anapewa mwingine. Huyo mwingine alishapatikana, kijana mmoja wa redio mwenye sauti kama ya mtu anayeuza magodoro.

Sasa, mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe wake. Awe hai, awe kaburini, hatamki. Wala neno lolote linalokaribiana nalo. Ndiyo maana MaMpinga, tangu aolewe, hajawahi kufika mahali popote. Kwa mdomo wake, anatua. Anatia mguu. Kwaya ya kutoka Qonce haikuwahi kufika hapa hata siku moja, kila mwaka ilikuwa inatia gurudumu. Watu wa nje wanacheka. Sisi tulishazoea, hata sikio halishtuki.

Holo hili lilijengwa na ile serikali yetu ya jimbo, enzi za ubaguzi wa rangi, iliyojitangazia uhuru ambao haukutambuliwa na nchi yoyote isipokuwa ile iliyoutoa. Walilijenga kwa ajili ya gwaride na mashindano ya urembo, na kwa hakika mwaka wa kwanza warembo walikuwa wengi kuliko askari, na walitembea vizuri zaidi. Paa ni bati, linafanana na karai lililopinduliwa. Mvua ikinyesha hata Mungu akisema hasikiki. Halafu serikali ile ikaondoka, karai likabaki, na watu wakalitumia kwa yao. Jumapili mchana ngumi. Jumamosi kwaya, au wacheza dansi wenye suti zilizoazimwa. Novemba watoto wa darasa la mwisho wanafanya mtihani humu, jasho linawatoka kama wako kwenye ulingo. Tulipiga kura humu, mstari ukazunguka jengo mara tatu. Mafuriko yalipoingia nyumba za bondeni, familia sitini zililala sakafuni wiki tano, na mwanamke mmoja alijifungua nyuma ya jukwaa; mtoto wakampa jina la Jumapili, siku ya ngumi. Bondia akifa, jeneza linawekwa katikati ya ulingo, kona zote nne anasimama mtu.

Na kote huko sauti ni moja. "Mwenye gari jeupe aliyeziba njia ya gari la wagonjwa, twakuomba kwa heshima, kabla hatujaomba kwa mawe." "Tuna mtoto hapa, sweta ya kijani, anasema baba yake anaitwa Baba. Baba, njoo." Huyo ni MaMpinga. Mlevi akianza fujo juu kule kwenye viti vya bei rahisi, anatajwa jina la ukoo wake, taratibu, na jina la mama yake, na anakaa chini mwenyewe kama mtoto.

Maiki hiyo alipewa na nani? Na Fikile huyohuyo. Hapo ndipo kisa kinapokuwa na miba.

Alikuja kama bibi harusi mwaka themanini na tatu, binti wa kijijini karibu na Centane, mwembamba, kitambaa kimeshushwa mpaka kwenye nyusi. Aliolewa na Siseko, mwana wa Fikile, bondia mwenye mkono wa kushoto ambao watu walikuwa wanauita mwenye nyumba, kwa sababu ukibisha mlango lazima ufunguliwe. Fikile ndiye aliyekuwa anashika funguo za holo na kufundisha ngumi kwenye chumba cha nyuma. Msemaji wa zamani alikuwa mlevi, na Jumapili moja alitangaza pambano la watu wawili ambao wote walishakufa. Fikile akamvuta mkwewe kutoka kwenye ndoo na mopu. Alisema, bila kumtazama, maana hawakuwa wanatazamana, "Sauti yake ni ya kanisani. Itawatuliza hawa wanyama."

Basi akawa anatangaza. Lakini mabondia wa Fikile walikuwa wengi, na kila anayepanda ulingoni lazima mwalimu wake atajwe. Afanyeje? Alikuwa anasema, "Na kwenye kona yake..." halafu ananyamaza. Holo zima, watu elfu mbili, wanajibu kwa kishindo, "FIKILE!" Bati linatikisika. Wageni kutoka mbali, eBhayi na Gauteng, walikuwa wanadhani ni mbinu ya biashara. Ilikuwa ni mkwe tu, anamheshimu mzee.

Au ndivyo tulivyodhani.

Kwa kelele hiyo ya miaka yote ndipo kamati nayo ilipoangukia shimoni. Kamati ya jina ilikuwa na watu kumi na wawili, wote wamezaliwa na mama walioolewa, wote wana wake nyumbani wanaozunguka jina la mzee kama mtu anavyozunguka mbwa aliyelala. Wakakaa, wakala magwinya, yale maandazi yetu, na chai, wakachapisha matangazo makubwa: JINA LITATAJWA NA MKWE WA NYUMBA YENYEWE. Yakabandikwa kila nguzo. Wazee wakayasoma, wakashika nguzo wasianguke kwa kicheko. Kamati ilipoulizwa, wote kumi na wawili waliapa kwamba wamemsikia MaMpinga kwa masikio yao akilitaja jina la Fikile, kila Jumapili, tangu utoto wao. Walikuwa wamelitaja wenyewe. Mtu anaweza kupiga kelele miaka thelathini, halafu akaapa kwamba aliyesema ni jirani.

Kurudi nyuma hawakutaka. Ndipo ukoo wa Mbolekwa ukaamua: kama tatizo ni heshima, wenye heshima yao wanaweza kuilegeza. Jumatano wakachinja mbuzi. Pombe ilishapikwa tangu wiki iliyopita. Mbuzi alichomwa mkuki kidogo, akalia vizuri, mlio mrefu wa kueleweka, kwa hiyo waliotangulia wamekubali. Mzee Magaqa, mdogo wake Fikile, akasimama kwenye zizi akamwambia marehemu, "Kaka, huyu mke wa mwanao ametunza jina lako vya kutosha. Mruhusu alitaje. Ulimi wake tumeufungua." MaMpinga akapewa ini, akala. Akapewa pombe, akanywa akiwa amepiga magoti. Akashukuru. Kila mtu akaenda nyumbani ameshiba.

Na Ijumaa asubuhi, kwenye mazoezi, alipofika mahali pa jina kwenye karatasi, akasema, "Na holo hili sasa litaitwa..." akanyamaza.

Viti vyangu havikujibu.

Basi ndipo hilo la ini likaanza.

"Mama," Lizo alisema, akijaribu kuwa mpole, na upole kwake ulikuwa kama suti ya kuazima, "ni maneno mawili tu. Mawili."

"Kama ni mawili, yaseme wewe."

"Barua inasema msemaji wa holo."

"Basi mpe huyo mwuza magodoro."

"Mama, hatutaki kukupoteza. Watu wanakuja kwa sauti yako. Tunachoomba ni..."

"Lizo, mwanangu. Ulipotea humu ukiwa na miaka minne. Umevaa sweta ya kijani. Nilikutangaza mara sita ndipo baba yako akatoka kwenye pombe. Usiniambie watu wanakuja kwa nini."

Lizo akaangalia ncha za viatu vyake.

"Acha kumtisha mtoto wa watu," Thozama alisema. Alikuwa amevua kofia yake ya kanisa na anaitumia kama fimbo ya kuonyeshea. "Jibu. Mzee Magaqa amekufungua au hajakufungua?"

"Amenifungua."

"Mbuzi alilia au hakulia?"

"Alilia sana, maskini."

"Basi heshima haikuzuii tena. Kinachokuzuia ni nini?"

"Koo langu linakauka."

"Lilikauka kwenye ini?"

Nilicheka, nakiri. Thozama alinitazama, nikaacha.

Lizo akaona pengine karatasi ndiyo mbaya. Akaichukua akaanza kuisoma mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesoma mahubiri ya mwenzake: "Mwalimu wetu, ambaye Jumapili ile ya Agosti mwaka tisini na moja, katika ulingo huu huu, alimwongoza mwanawe Siseko raundi kumi na mbili hadi kwenye mkanda wa taifa..."

"Hapo mmekosea," MaMpinga alisema.

"Wapi, Mama? Tarehe?"

"Kumwongoza. Ng'ombe anaongozwa na aliye mbele. Yeye alikuwa nyuma. Andika, alimsukuma."

Kofia ya Thozama ikashuka polepole.

Pambano hilo kila mtu hapa analijua, na aliyezaliwa baadaye analijua zaidi. Siseko na mpinzani wake kutoka mji wa Rasi, mfupi, kichwa kama jiwe la kusagia. Raundi saba za kwanza Siseko alimpiga kama anavyotaka. Ya nane akapigwa moja nyuma ya sikio, na kuanzia hapo mikono ilikuwa inapanda kwa mazoea tu. Macho yalikuwa yanatafuta kitu juu ya bati. Aliyekuwa karibu aliona. Fikile alikuwa karibu kuliko wote, taulo la kusimamisha pambano begani, na alichofanya ni kupiga mkeka wa ulingo kwa viganja na kusema, "Simama! Wewe ni wangu! Simama!" Refa alikuwa mtu wa kusubiri ishara ya kona. Daktari alikuwa anaangalia pambano kama sisi. Na sisi, jamani, tulikuwa juu ya viti. Mimi mwenyewe, viti nilivyovipanga kwa mikono hii, nilikuwa juu ya kimoja, napiga kelele aendelee.

Meza ya maiki ilikuwa upande wa pili wa ulingo, ng'ambo ya kona ya Fikile. MaMpinga alikaa pale amevaa gauni la samawati, mtoto wa pili yuko tumboni.

Siseko alishinda. Kwa pointi, waamuzi wawili dhidi ya mmoja. Mkwe wa Fikile ndiye aliyetangaza, "Mshindi, na bingwa mpya," akamtaja mumewe jina lake kamili na ukoo wake wote, sauti haikutetemeka. Fikile tulimbeba mabegani tukazunguka naye jengo. Siseko alitembea mwenyewe mpaka mlangoni, mkanda kiunoni, akamwuliza mkewe nyumbani ni njia ipi.

Hakuwahi kuijua tena vizuri. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba, Mtaa wa Sita, MaMpinga anamlisha makande kwa kijiko, anamnyoa, anamfunga viatu, halafu anakuja hapa kutangaza. Fikile alikuwa anapita pale na wageni, waandishi wa magazeti, anawaonyesha: "Bingwa wangu huyo." Bingwa alikuwa anatabasamu kwa kila mtu sawasawa. Alipokufa, jeneza likakaa ulingoni, na mzee akasimama kwenye kona yake akiwa na taulo begani. Watu walilia kwa jambo hilo. Mimi nililia. MaMpinga alitangaza utaratibu wa mazishi, na mahali pa kumtaja baba wa marehemu akanyamaza kidogo, nasi tukajibu kwa sauti ya chini, ya msiba, "Fikile." Tukasema, tazama mkwe. Hata leo. Heshima iliyoje!

Kumbe mila zetu zina raha yake. Mke anaweza kumchukia mtu miaka ishirini na tano, asilitie jina lake mdomoni kama mtu asivyotia mavi mdomoni, na kijiji kizima kikawa kinamsifu kwa adabu. Ukoo ukaenda ukachinja mbuzi, ukaondoa adabu, ukitarajia kukuta chini yake jina.

"Kwa hiyo si heshima," Thozama alisema. Sasa hakuwa anapiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. "Haikuwahi kuwa heshima."

"Nani alisema ni heshima? Nyinyi ndio mlisema. Mimi nilikuwa nimenyamaza."

"Wanawake wa kanisa walikupa kikombe. Mkwe wa mfano."

"Kipo kabatini. Nawekea vifungo."

"Mama, Dada Thozama," Lizo aliingilia, "tunaweza kufanya kama zamani. Mama ananyamaza, watu wanajibu. Watu wote watapenda. Nitaiandikia kamati..."

"Hapana!" Thozama akampiga na kofia begani. "Watu wamemsemea vya kutosha. Nataka yeye. Kwa mdomo wake. Baba yangu alikutoa kwenye mopu, MaMpinga. Hiyo maiki unayoipangusa kila siku kama kijiko cha fedha, ni mkono wake uliokupa. Bila yeye ungekuwa unatangaza vumbi mpaka leo!"

"Ni kweli. Alinipa maiki, na akanipa mume wa kulisha kwa kijiko. Mkono huohuo. Sasa mnataka nimwekee na shukrani juu ya mlango."

"Alikuwa kaka yangu! Unadhani ni wewe tu uliyeona? Nilikuwa safu ya tatu. Nilimwita baba mpaka sauti ikakatika, 'Baba, tupa taulo! Baba, anakufa!' Hakusikia. Nani angesikia, na hawa wote juu ya viti?" Akaninyooshea mimi kofia bila kugeuka. "Refa hakusikia. Mungu hakusikia. Humu ndani, Jumapili ile, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na sauti ya kuvuka ulingo."

MaMpinga aliacha kuipangusa maiki.

"Raundi ya tisa uliitangaza," Thozama alisema. "Ya kumi ukaitangaza. Ya kumi na moja. Mara zote hizo maiki iko wazi, iko mkononi mwako. Ungemwita jina lake mara moja, MaMpinga. Mara moja tu. Baba mkwe anaitwa jina lake na mke wa mwanawe mbele ya watu elfu mbili! Holo lingekufa kimya. Angegeuka. Hata kwa hasira, angegeuka. Kaka yangu leo angekuwa mzee mwenye kitambi, anatusumbua. Uniambie basi. Siku ile hukuwa na chuki bado. Kwa nini hukumwita?"

Bati lilikuwa linapata joto la mchana, likalia kidogo, kama linavyofanya. Mimi nilijikuta nimeshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

MaMpinga alivua miwani, akaitia kwenye mfuko wake wa kitambaa, akaufunga kwa uzi, fundo, halafu fundo jingine. Akazima maiki. Akaisukuma kwa kidole mpaka upande wa Lizo wa meza. Akasimama, akaokota kikapu chake, akakitazama ndani kama mtu anayehakikisha hakuna alichosahau.

"Mama," Lizo alisema, "Jumapili je? Utakuja? Niwaambie nini kamati?"

MaMpinga akampa mgongo. Alishika njia ya katikati, baina ya safu zangu, polepole, maana goti la kulia linamsumbua.

"MaMpinga," Thozama aliita. Alikuwa ameiweka kofia kifuani sasa. "Wifi. Nimekuuliza."

Mlango mkubwa ni mzito, unataka bega. Akauwekea bega, ukafunguka, mwanga ukaingia mpaka safu ya kumi, akatoka.